Bila Wewe Mimi ni Mtu Mnene Tu

Mshamu, mtumwa wangu,

Naanza hivyo ili ujue ni mimi. Ningeanza na "mpendwa marehemu" ungedhani barua imetoka kwa mtu mwenye adabu zake. Ni mimi, Maganga, Mnyamwezi wako. Nimekaa nyuma ya stoo ya vipuri, hapa hapa Gerezani, juu ya gia boksi la lori ambalo hakuna mteja anayelitaka, na ninakuandikia kwa sababu nilijaribu kuongea na wewe kwa mdomo, watu wakaanza kunitazama.

Tangu ufe sisikii kitu. Sisemi habari, habari nazisikia mpaka zinanichosha. Nasema humu ndani. Unaijua ile ngumi ya kidevu inayokuja bila kuonekana? Haiumi. Unashangaa tu kwamba miguu si yako na kelele za watu zimehamia mtaa wa pili. Basi mimi niko hapo. Nimesimama, refa ananihesabia, nami nangoja maumivu yaje nijue kama nimeanguka au la. Nakula, nalala, nabeba mashine za watu. Chai haina ladha. Mke wangu anasema nimepungua mwili, jambo lililowashinda makocha wote wa Ilala.

Na wewe, kufa gani kule? Mtu wa uzito wa juu hafi vile. Ulikuwa kwenye meza yako ya viatu Mchikichini, mteja amevaa kiatu cha kulia anakanyagakanyaga, ukainama kumtafutia cha kushoto, hukuinuka. Presha. Mkeo Mwanahamisi anasema yule mteja alisubiri kidogo, akidhani bado unatafuta. Hata kwenye kufa ulimfanya mtu asimame kwa mguu mmoja.

Tukakuzika kesho yake baada ya Adhuhuri, na hapo ndipo penye neno.

Kila mtu makaburini alijua kazi yangu. Babu zako Wazaramo na babu zangu Wanyamwezi walishakubaliana tangu enzi za misafara ya kushuka pwani kwamba huyu akifiwa, yule atakuja kufanya fujo. Mtani hasemi pole. Mtani hutukana, huiga mwendo wa marehemu, huzuia jeneza njiani, na akiwa mtani wa kweli hushuka kaburini akalala, na hazikwi mtu mpaka apewe anachotaka. Sisi wawili tulishawekeana ahadi tukiwa vijana, na tukairudia kila mwaka kama nadhiri. Nikitangulia mimi, ungelala shimoni mwangu mpaka uletewe sinia la pilau na uruhusiwe kulila humo humo. Ukitangulia wewe, ningelala mpaka nipewe vile viatu vyako vyeupe vya ulingoni, vile ulivyovitundika juu ya meza Mchikichini na kuwaambia wateja si vya kuuza.

Jeneza likafika. Watu wakanipisha. Wazee wenu wenyewe walisogea pembeni wakaniachia njia hadi ukingoni, na mmoja wao alikuwa ameshaanza kutabasamu. Nikasimama. Nikaliangalia shimo. Kichwani nilikuwa na wazo moja tu, kwamba wamelichimba jembamba, mabega yako hayatapita. Mabega yakapita. Wakashusha, wakapanga mbao, nikapokezwa chepe, nikafukia na mimi, kwa adabu, kama balozi wa nchi ya kigeni. Hakuna aliyenisema. Nyumbani, wanawake waliobaki na Mwanahamisi walimuuliza kila aliyerudi, "Maganga kafanya nini huko?" Wakajibiwa kwamba Maganga hakufanya kitu.

Sikukataa, Mshamu. Nilitafuta neno moja baya la kukuambia na sikulipata. Mimi! Nilikupekua kichwani toka kisogo hadi kisigino, nikakuta mtu tu, amekufa.

Nikupe habari nyingine kabla ya hiyo kubwa. Meza yako anakaa Mwanahamisi. Nilidhani ataiuza, akaniambia, "Shemeji, hawa wenye miguu mikubwa nitawaacha waende wapi?" Ni kweli, wanakuja wale wale, mabaunsa, walinzi wa usiku, padri yule mrefu. Wanakuulizia kwa jina la ulingoni, Mzee Kontena yuko wapi. Anawajibu kwamba ametoka. Viatu vyako vyeupe bado vimening'inia, vimeota vumbi. Ule mfereji wa maji machafu mbele ya meza yako wameufunika, ulioulalamikia maisha yako yote, wamengoja ufe ndiyo waufunike. Mwendokasi inapita, machinga wanafukuzwa asubuhi na wanarudi mchana. Kariakoo haijakukosa. Nilitegemea walau siku moja ingesimama.

Sasa hiyo kubwa. Ule ukumbi wetu wa ngumi, nyuma ya wachomeleaji, umeezekwa upya. Unaingia huoni anga. Kamati imeundwa, na mwenyekiti ni Mushi, yule Mchaga wa vifaa vya michezo Mtaa wa Sikukuu aliyekuwa akituuzia glovu zinazofumuka raundi ya pili. Mushi amezeeka, amekuwa mtu wa maendeleo. Alisema ukuta mmoja wa ukumbi, ule wa kulia ukiingia, utakuwa ukuta wa heshima, na utachorwa nyuso za mabondia waliokulia pale. Kila uzito uso mmoja. Hakuna cha ndugu wala rafiki.

Wale wadogo wadogo hawakuwapa shida. Uzito wa unyoya yuko aliyechukua mkanda, bantamu yuko aliyepigana nje akarudi na kombe, uzito wa kati hata hawakubishana. Wakafika uzito wa juu, wakakwama. Tulikuwa wawili.

Mushi aliniita dukani akanihesabia sifa kwa vidole. Bondia anayestahili ukuta awe na mkanda. Awe amepigana nje. Awe ameangusha watu, watu wa kutajika. Nikamsikiliza, nikajipima, nikakupima na wewe. Mkanda wa uzito wa juu tuliugombea, nao promota aliondoka nao akisema anaupeleka kutiwa rangi ya dhahabu, mpaka leo. Nje hatukwenda. Na tuliowaangusha ni nani? Mimi nilikuangusha wewe. Wewe uliniangusha mimi. Tungemwangusha nani mwingine? Bongo hii wembamba ni wengi, wafupi ni wengi, lakini mtu wa kilo zetu mwenye pumzi ya raundi nane alikuwa ni wewe na mimi. Promota akitaka uzito wa juu anapiga simu Ilala, halafu anapiga Gerezani. Tumepigana Tanga, tumepigana Kibaha, tumepigana kwenye kumbi za harusi na mapambo ya jana yake bado yamebaki ukutani. Mashabiki wakiulizana leo nani na nani, wanajibiana, "Wale wale." Mwisho hata bango halikuchapwa jipya, ilikuwa inabandikwa karatasi ya tarehe juu ya ile ya zamani. Kontena na Winchi. Wale Wale. Na matokeo nayo unayajua, wewe unasema umeshinda zaidi, mimi nasema nimeshinda zaidi, na majaji wanaokumbuka wamekufa au wameokoka.

Mushi akasema kamati inaelekea kwangu. Sababu yake ilikuwa fupi. "Wewe upo hai, Maganga. Siku ya uzinduzi lazima mtu mmoja wa ukutani awepo akate utepe."

Sitakudanganya, nilitaka. Umekufa, hutanitangazia. Nilirudi stoo nikawa najiona pale ukutani, kidevu juu, glovu kifuani, vijana wanaingia mazoezini wananiamkia, shikamoo mzee, nami nakaa kimya kwa sababu nimechorwa. Nikafikiria wajukuu. Hata furaha yenyewe sikuisikia vizuri, ilikuwa kama pipi yenye karatasi yake. Lakini nilitaka.

Ila kwa kutenda haki, kamati ikaita kikao, Jumamosi asubuhi, ghorofani juu ya duka la Mushi, tukakaa katikati ya mipira iliyoning'inizwa kwenye nyavu. Mwanahamisi alikuja kwa upande wako, amevaa buibui lake jeusi. Nikaombwa niseme juu yako, kwa kuwa hakuna aliyekujua ulingoni kuliko mimi. Nikasimama. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi, mtumwa wangu, wangenipa kipaza sauti kama wangekuwa nacho. Na mimi nikasema marehemu alikuwa mtu wa watu. Nikasema alikuwa mchapakazi, mcheshi, mwenye kujituma, aliyeipenda familia yake. Nikasema ametuachia pengo.

Pengo, Mshamu. Nilisema pengo. Kwa mdomo huu huu uliokuita gunia la muhogo mbele ya mama mkwe wako.

Mwanahamisi akainuka akatoka. Sikuelewa. Mushi akaniangalia, akavua miwani, akasema taratibu, "Bwana Maganga, asante. Lakini hizo ni sifa za kila maiti." Wakapiga kura wakaniweka mimi.

Nikamfuata shemeji Mchikichini siku ya pili yake, nikidhani amekasirika kwa sababu nimechukua nafasi yako. Nikajitetea kabla sijaulizwa. Akaniacha nimalize, akawa anapiga brashi kiatu cha ngozi kilichoshakuwa safi. Kisha akaniambia maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile, na wewe unajua mimi ni mtu wa kubeba.

"Shemeji, tangu azikwe mie sijalia. Watu wamelia, mie natoa maji ya kunawa tu. Nilikuwa nasema, Maganga hajamtukana, basi huyu mtu hajaenda mbali. Jana ulipomsifia ndiyo nikajua mume wangu kafa. Nimelia kwenye bajaji mpaka dereva akasimamisha. Sasa umemuua, na humziki!"

Nikanunua kiwi ambayo siihitaji, nikaondoka.

Wewe ulizoea kusema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ndiyo maana hatukusifiana hata siku moja. Nilidhani ni mzaha. Nimeanza kuona kwamba ilikuwa kazi, na kazi yenyewe nimeitupa mara mbili, makaburini na ghorofani kwa Mushi. Nikaanza kutafuta upya. Nikiwa nainua injini, nikiwa nimepanga foleni ya maji, najiuliza. Kitu gani kinamfanya mtu wa uzito wa juu astahili ukuta? Si mkanda, mkanda unaweza kwenda kutiwa rangi usirudi. Kuangusha? Gari la taka nalo linaangusha.

Jibu likanijia na harufu ya vitunguu.

Unaikumbuka Morogoro. Mvua imenyesha tangu asubuhi, watu hawakuja, promota amezima simu. Nimefika mimi na begi langu, nimekaa kwenye kona, refa anataka kurudi kwake. Wewe tulishaambiwa una malaria, umelala Ilala, huji. Nikaanza kufungua kamba za viatu. Mlango ukafunguliwa ukaingia wewe, umeshuka juu ya lori la vitunguu, macho mekundu, unatetemeka, unanuka kitunguu mpaka refa akarudi nyuma. Ukamwambia, "Mnyamwezi katoka Dar mpaka huku, arudi hajapigwa? Atawaambia nini watu wake?" Tukapigana raundi zote. Walikuwepo walinzi wa ukumbi na wale wapakiaji wa vitunguu waliokushusha. Ulinipiga ubavu wa kushoto, ule ule, kama fundi anayejua mlango upi umelegea. Baadaye tumekaa kibarazani tunangoja usafiri nikakuuliza umekujaje na homa hiyo, nani alikulazimisha. Ulikuwa umejifunga shuka. Ukaniambia, "Nisipokuja mimi, wewe utakuwa bondia wa nini?"

Nikacheka, nikakuita mpumbavu. Sasa ndiyo nimekaa nikalitazama lile neno. Hukuwahi kukosa. Nilipovunjika mkono ulikaa bila pambano mpaka ukapona mkono wangu, wakakuletea watu laini laini wa kupiga uongeze rekodi, ukasema unamsubiri mtumwa wako. Miaka yote ile mtu akiniuliza kazi yangu nini, nilijibu bondia, na ilikuwa kweli kwa sababu kulikuwa na mtu Ilala anayeamka kukimbia alfajiri kwa ajili ya kunipiga. Mtu wa uzito wa juu asiye na mpinzani si bondia, Mshamu. Ni mtu mnene amevaa kaptula.

Na mimi ndiyo walitaka kunichora.

Siku ya kuchora ilipofika sikwenda kazini. Nilipita ukumbini mapema. Mchoraji alikuwa ameshaanza kupanga makopo, kijana mmoja wa Mchikichini anayechora mabango ya saluni za kiume, na Mushi amesimama nyuma yake na suti, anamwelekeza. Kwenye ukuta, mahali pa uzito wa juu, palikuwa peupe. Nikavua shati. Nikalala chini, chali, chini ya pale pale peupe, mikono kifuani, kama maiti yako. Sakafu mpya ya saruji ni baridi, uwaambie huko.

Mchoraji akadhani nimeanguka, akataka kuita watu wa msaada. Mushi akamshika bega. Mushi ni Mchaga, ana watani wake Wapare, alinielewa kabla sijafungua mdomo. Akauliza kwa sauti ya msibani kabisa, "Sasa huyu anataka nini?"

Na hapo, mtumwa wangu, mdomo ukafunguka. Nilidhani umeota kutu.

Nikawaambia hapachorwi mtu hapa mpaka mniletee yule mwizi wa Kizaramo. Nikasema kaniibia ujana wangu, kila nilipotaka kupumzika yuko mlangoni anataka kupigwa. Nikasema yule mwoga hakukosa pambano hata moja kwa kuwa alikuwa anamwogopa mkewe, heri ngumi zangu kuliko kubaki nyumbani. Nikasema aliletwa Morogoro na vitunguu kwa sababu hata vitunguu vilichoka kumbeba vikataka kumtua. Nikasema alikuwa anapiga ubavu mmoja maisha yake yote kwa sababu Wazaramo hawakufundishwa kwamba binadamu ana wa pili. Nikasema ana kichwa kama jiwe la kusagia, kipara toka ujanani, kikipigwa na taa ya ulingoni mimi nafumba macho, na mbinu yake yenyewe ilikuwa hiyo. Nikasema ni gunia, ni kontena tupu, ni mtumwa wa ukoo wetu, na bila yeye mimi ni mtu mnene tu, mnasikia? Mkinichora mimi peke yangu mtakuwa mmechora mtu mnene!

Vijana waliokuja mazoezini wakajaa mlangoni. Wengine walijaribu kuninyanyua, wanne, wakashindwa. Mtu wa kuniinua chini ni mmoja tu na mnajua aliko, nikawaambia.

Mtu akakimbia mpaka Mchikichini kumwambia Mwanahamisi kwamba Maganga amelala chini ukumbini, anatukana, hataki kuamka, labda kachanganyikiwa. Wanasema hakuuliza hata swali. Alipanda juu ya kigoda, akavitungua viatu vyeupe, akavifuta vumbi kwa mtandio, akaja. Alisimama juu yangu akanionyesha. "Haya, mlafi. Ulivyoahidiwa ni hivi. Amka tuzike."

Nikamjibu viatu navitaka lakini havitoshi, na huyo mwenyekiti aseme neno. Mushi akajifanya kufikiri, akaizunguka ile maiti yangu mara moja, akanigusa na ncha ya kiatu. Kisha akamgeukia mchoraji akasema, "Mchore Kontena. Huyu wa chini tutamwita siku ya kukata utepe, akiwa amevaa shati."

Mwanahamisi akacheka. Nilimsikia akicheka, halafu nikasikia kile kicheko kimegeuka, amekaa chini karibu na kichwa changu, analia na viatu mapajani. Mimi nikiwa bado nimelala, ubavu wa kushoto ukaanza kuuma. Pale pale. Maumivu ya kweli, ya miaka yote ile, yalianza polepole kisha yakajaa mpaka nikashindwa kuvuta pumzi. Nikasema ndani kwa ndani, alhamdulillahi, japo mimi ni Mkristo wa Krismasi. Kumbe nilianguka. Kumbe nilikuwa chini muda wote huu.

Ganzi haijaisha yote. Inaachia, inarudi. Jana chai ilikuwa na ladha ya tangawizi, leo haina tena. Sijakulilia bado, nasikia kilio kinakuja, kama mtu anayepanda ngazi hana haraka. Lakini umezikwa sasa, kwa taratibu zote, na aliyechelewesha ni mtani wako, kama inavyotakiwa.

Nikueleze picha. Uko ukutani mwisho kabisa, mkubwa kuliko wote, mpaka yule wa bantamu anaonekana umemzaa. Kidevu wamekupata. Mabega wamekupata. Ila yule kijana amezoea mabango ya saluni, na mkono wake hauwezi kuacha kichwa cha mtu kitupu. Amekuchora na nywele, Mshamu. Nywele nyeusi tii, zimechongwa pembeni kwa mstari, na mkato mdogo wa mtindo hapo juu ya sikio. Mushi alipogundua aliona aibu, akataka zifutwe kabla ya uzinduzi. Mwanahamisi aliangalia akaniachia mimi niamue.

Nimekataa zisifutwe. Nimeapa atakayezigusa nitalala chini tena.

Viatu ninavyo. Vinanipwaya, unajua ulivyokuwa na makanyagio, nimeviweka pamba mbele. Ijumaa iliyopita nilivivaa, nikapita ukumbini jioni wakati vijana wanaruka kamba, nikasimama mbele yako nikakuuliza hizo nywele umekopa kwa nani. Vijana wakacheka, mmoja akauliza huyu mzee ukutani ni nani. Nikamwambia ni mtumwa wangu, kaa chini nikusimulie ujinga wake.

Lala sasa, gunia la muhogo. Nakuahidi hili, na ni ahadi ya Mnyamwezi. Kila Ijumaa nikiwa na miguu nitapita kukutukana, na nisipokuwa na miguu nitabebwa. Hakuna atakayekusifia mbele yangu. Siku utakapoona Ijumaa imepita sijaja, chimba pembeni, na uwe umejiandaa, maana ubavu wako wa kulia sijauchokoza bado.

Mtani wako, bwana wako, mtu mnene wa Gerezani,

Maganga